Kupima vijidudu kwenye maji ya kiwanda cha dawa: kazi iko kwenye koki

Maji yaliyosafishwa ya kutengenezea dawa za kunywa hayatakiwi kuzidi vijidudu 100 kwa mililita. Ukipata sifuri wiki baada ya wiki, usishangilie. Nenda kwanza ukaone yanavyochotwa.

1. Andaa chupa zilizopita otoklevu (chombo cha mvuke wa moto cha kuua vijidudu), glovu, spiriti ya asilimia 70 na kasha lenye barafu. Kwa maji yenye klorini, chupa iwe na sodiamu thiosulfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua njiani.

2. Chota. Hapa ndipo wengi huharibu. Waulize watu wa uzalishaji wanavyochota wao: kama hufungulia sekunde 30 kisha hujaza tangi kwa mpira, nawe fungulia sekunde 30 na uchote kwenye mpira uleule. Ukiuvua mpira na kuyaacha maji yakimbie dakika tano, umepima bomba, hujapima maji yanayoingia kwenye dawa. Mpira uliolazwa sakafuni na maji ndani huota utelezi, utundikwe ujichuruze. Spiriti nayo ina ujanja wake: ukipulizia koki na kuchota papo hapo, matone huingia chupani na kuua kilekile unachotafuta. Kama utaratibu wenu unaidai, pulizia, ngoja ikauke, ndipo ufungulie. Kizibo kishikwe kikitazama chini, kisiwekwe mezani. Mdomo wa chupa usiguse koki. Bakiza nafasi ya kutikisa, na saa iandikwe palepale.

Pima ndani ya saa mbili. Ikishindikana, weka friji ya nyuzi 2 hadi 8, isizidi saa 24.

3. Chuja kwa utando wa mikromita 0.45. Ukipima mililita moja, tanguliza kama mililita 20 za maji yasiyo na vijidudu, la sivyo makoloni (vishada vya vijidudu vinavyoota na kuonekana kwa macho) yatarundikana upande mmoja. Chuja pia maji hayo peke yake kama kidhibiti, kuona kuwa si yenyewe yanayoleta vijidudu.

4. Otesha utando huo kwenye R2A (chakula hafifu cha kuoteshea vijidudu), nyuzi 30 hadi 35, siku tano. TSA, aina nyingine ya chakula hicho, siitaki kwa kazi hii: ina chakula kingi, na vijidudu vya maji vimezoea njaa. Sahani zipinduliwe, zifunikwe zisikauke.

5. Hesabu, ukilinganisha na kiwango chenu cha tahadhari, si 100 pekee. Koloni moja tu ya bakteria Burkholderia cepacia ni kesi, kwa kuwa huweza kuota hata ndani ya sharubati yenye kihifadhi. Majibu ya koki moja yakiwa mabaya, anzia kwenye mpira. Yakiwa mabaya kwa koki zote, chunguza mzunguko wenyewe wa maji kwenye mabomba na kumbukumbu za usafishaji wa maji ya moto.