Ryu wa Street Fighter II kwa anayeanza: mlazimishe aruke, kisha mshushe

Vijana wanaokaa kando yangu mbele ya skrini karibu wote huanza na swali moja: "Kaka, kombo ndefu inapigwaje?" Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi. Kombo, yaani mapigo yanayoungana mfululizo, isubiri. Ryu, mpiganaji wa gemu ya kupigana ya Street Fighter II, anashinda kwa mambo mawili yanayotegemeana: anarusha Hadoken, mpira wa nguvu unaotoka mikononi mwake, hadi mpinzani achoke kujikinga na kuamua kuruka, na akisharuka tu anamkuta hewani kwa Shoryuken, ngumi ya kupaa juu. Ukiyashika hayo mawili utawapiga watu wanaojua kombo nyingi kuliko wewe. Nimeliona likitokea mara nyingi mno, ndiyo maana sifundishi kwa mpangilio mwingine.

Gemu hii ni ya Capcom kutoka Japani, na iliingia kwenye kumbi za gemu mwaka 1991 ikiwa na wapiganaji 8 wa kuchagua. Wachezaji wawili walisimama bega kwa bega kwenye mashine moja. Aliyeshinda alibaki na sarafu yake ileile, aliyeshindwa akatoa nyingine au akampisha aliye nyuma yake. Mimi nilikutana nayo baadaye sana, kwa pedi na televisheni ya kichogo, kwenye kibanda cha mtaani Tanga, na sheria ilikuwa hiyohiyo: ukipigwa, unainuka.

Leo huhitaji mashine. Mkusanyiko wa Street Fighter 30th Anniversary Collection, uliotoka 2018 kwa PlayStation 4, Xbox One, Switch na kompyuta, unayo Street Fighter II na matoleo yaliyoifuata. Kwa somo hili chagua Champion Edition, ya mwaka 1992. Kasi yake si kali kama ya Hyper Fighting, toleo lililoifuata, na inaruhusu wachezaji wote wawili kumchukua Ryu, jambo ambalo toleo la kwanza halikuruhusu. Tutalihitaji hilo mwishoni.

Hatua ya 1: Panga vitufe

Mashine ya ukumbini ilikuwa na kijiti kimoja na vitufe 6: ngumi 3 safu ya juu, mateke 3 safu ya chini, kuanzia pigo jepesi hadi zito. Kwenye pedi ya PlayStation weka ngumi kwenye mraba, pembetatu na R1, na mateke kwenye X, duara na R2. Ukiingia kwenye mipangilio ukakuta ziko tofauti, zibadilishe kabla ya kuanza mazoezi. Kidole kikishazoea mahali, kukihamisha ni kazi.

Hatua ya 2: Hadoken, kama unavyobonyeza namba za simu

Fikiria vitufe vya simu. 5 iko katikati, na hapo ndipo kidole gumba chako kinapumzika. Chini ni 8, mbele ni 6, na kona ya chini mbele ni 9, ikiwa Ryu anatazama kulia.

Hadoken ni 8, 9, 6, kisha ngumi. Usiinue kidole. Kiteleze kutoka chini hadi mbele kama unayefuta vumbi pembeni mwa sahani, na ngumi iingie kidole kinapofika 6.

Ryu akiwa anatazama kushoto, namba zinageuka: 8, 7, 4. Jifunze pande zote mbili siku ileile. Anayejua upande mmoja tu anapoteza nusu ya silaha zake kila mpinzani anapomvuka.

Isipotoka, mtazame Ryu, maana yeye mwenyewe anakuonyesha kosa. Akipiga ngumi amechuchumaa, umewahi kubonyeza, kidole hakijafika 6. Akipiga ngumi amesimama, ama umechelewa, ama umeiruka 9 ukatoka 8 moja kwa moja hadi 6. Akiruka, kidole kimepitiliza 6 kikagusa 3. Watu wengi wakikosea wanaongeza nguvu na haraka. Fanya kinyume chake: punguza mwendo hadi uisikie 9 chini ya kidole. Hadoken haidai haraka kubwa, inadai mpangilio.

Endelea hadi uzitoe 10 mfululizo kila upande bila kukosa hata moja. Ukikosa ya tisa, anza moja.

Hatua ya 3: Shoryuken

Namba zake ni 6, 8, 9, kisha ngumi. Unagusa mbele, unashuka chini kabisa, halafu unarudi nusu ya njia. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kinachowaangusha ni ile 8: kidole kinatoka 6 kinakwenda 9 bila kufika chini. Shuka kabisa.

Kuna jambo litakuchanganya usipoambiwa. Ukiwa unatembea mbele kisha ukapiga Hadoken, Ryu anaweza kupaa na Shoryuken. Mashine haijakosea. Ulikuwa umeshikilia 6, ukaongeza 8 na 9, na hizo ndizo namba za Shoryuken. Dawa yake ni kuachia kidole kirudi 5 kwa kitambo kidogo tu, ndipo uanze 8, 9, 6.

Kitufe cha ngumi kinabadilisha umbo la pigo. Hadoken ya ngumi nyepesi huenda polepole, ya nzito huenda kasi. Shoryuken nyepesi hupanda kidogo, nzito hupaa juu, na wakati wa kushuka uko wazi kabisa. Kwa hiyo anza na nyepesi.

Hatua ya 4: Umbali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Ryu anapopatikana au anapopotea.

Ukirusha Hadoken, mikono inabaki imenyooshwa kwa muda mfupi, na katika muda huo huwezi kujikinga. Mpinzani akiruka mapema, anapita juu ya Hadoken na kukushukia na teke. Juzi kijana mmoja alikuwa analalamika kwamba Ken, mpiganaji aliyechaguliwa na mwenzake, "anajua kusoma akili". Nilimwangalia raundi mbili. Kila Hadoken aliitoa akiwa karibu kiasi kwamba mruko mmoja wa Ken ulitua juu ya kichwa chake. Nilimwambia arudi nyuma kidogo, basi. Raundi iliyofuata Ken aliruka vilevile, akatua mbele ya Ryu aliyekwisha kusimama sawasawa, akala mtama.

Pima umbali huo hivi. Mwombe mwenzako aruke mbele bila kupiga. Akitua juu yako au mgongoni kwako, uko karibu mno. Akitua hatua moja mbele yako, hapo ndipo pako. Ukishapajua, rudi hapo kila mara kwa kutembea, si kwa kuruka.

Kutoka hapo badilisha kasi. Rusha nzito mbili, kisha nyepesi. Mpinzani aliyezoea kasi ya kwanza ataruka mapema, na atashuka juu ya Hadoken ambayo haijapita bado. Kumbuka pia kwamba huwezi kurusha nyingine wakati ya kwanza ingali kwenye skrini. Ile ya polepole, basi, usiisimamie ukiitazama. Ifuate nyuma kwa miguu. Akijikinga, unakuta umeshamfikia.

Hata akijikinga vizuri, kila Hadoken inamega uhai wake kidogo. Hicho ndicho kinachomfanya aruke. Mtu anaweza kuvumilia tatu, nne, halafu anaona mstari wake unapungua na saa inashuka kutoka 99, na miguu inaanza kumwasha.

Hatua ya 5: Mshushe

Ameruka. Usimpige akiwa anapanda. Subiri afike kileleni na aanze kushuka, na unyayo wake ukikaribia usawa wa kichwa cha Ryu, toa Shoryuken. Mwanzoni mwake pigo hili halipigiki, kwa hiyo hata kama teke lake limeshanyooka, lako ndilo linaloshinda.

Kama Shoryuken bado haikutoki kwa shinikizo, usijilaumu na usisimame tu. Chuchumaa upige ngumi nzito, Ryu atainua ngumi kuelekea juu. Haina nguvu ileile, lakini inawashusha wengi, na inakufundisha kusubiri. Wanafunzi wangu hucheza nayo kwanza hadi macho yazoee kuona mruko. Vidole hufuata baadaye.

Onyo moja tu: usitoe Shoryuken kwa kubahatisha. Akiwa chini amejikinga, wewe unapaa peke yako, na yeye anakusubiri ushuke akiwa na pigo lolote analolitaka.

Hatua ya 6: Akikataa kuruka

Mpinzani mwenye akili atachuchumaa, ajikinge, atembee polepole kukufuata. Mruhusu asogee, kisha mpige mtama kwa teke zito ukiwa umechuchumaa, kwenye ncha ya mguu, usimkaribie zaidi. Akiwa amejikunyata hatikisiki, rusha Hadoken ya polepole uifuate nyuma, na ukimgusa bonyeza mbele na ngumi nzito. Huo ni mtupo, na hakuna kujikinga kunakouzuia.

Kwa Guile, mpiganaji mwingine wa gemu hii, badilisha mawazo. Sonic Boom, pigo lake la kurusha, inamwachia mikono haraka kuliko Hadoken inavyokuachia wewe, kwa hiyo mashindano ya kurushiana utashindwa. Jikinge, sogea hatua kwa hatua, na ruka pale tu unapomwona ameachia kushikilia nyuma, maana bila kushikilia nyuma kwanza hawezi kurusha Sonic Boom.

Hatua ya 7: Kombo yako ya kwanza

Sasa tunaweza. Ruka ukipiga teke zito, ukichelewesha hadi karibu utue. Ukigusa ardhi, ngumi nzito ukiwa umebanana naye. Kabla mkono haujarudi, 8, 9, 6 na ngumi. Hadoken inaukata ule mkono katikati, na mpinzani hapati nafasi ya kujikinga.

Kombo zenyewe hazikupangwa. Noritaka Funamizu wa Capcom alikuwa anatafuta kasoro kwenye hatua ya ziada ya kuvunja gari, akaona mapigo ya nyongeza yanaingia. Aliona muda wake ni mgumu mno kwa mchezaji wa kawaida, lakini akayaacha ndani.

Hatua ya 8: Zoezi la jioni

Chukueni Ryu wote wawili. Mwenzako kazi yake ni mbili tu: kujikinga, au kuruka mbele na teke zito, na achague mwenyewe lini. Wewe kazi yako ni Hadoken na Shoryuken, hakuna kingine, hata mtama. Raundi ikiisha badilishaneni, ili na wewe uone Hadoken inavyoonekana ukiwa upande wa pili. Chezeni raundi 10, na hesabuni mara ngapi mruko ulishushwa. Kesho andikeni namba mpya chini ya ile ya leo.