Kuchagua Maji ya Kunywa ya Mtoto kwa Wanaoishi Kandokando ya Mlima Meru

Wifi yangu anaishi Maji ya Chai, mkoani Arusha, na kwa miaka saba alichemsha maji yote aliyompa mwanawe wa kwanza. Mtoto hakusumbuliwa na tumbo, lakini meno yake ya mbele ya ukubwani yalipoota yalikuwa na mistari ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuiondoa. Iliyoyaharibu ni floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia katika maji, ambayo yakizidi huharibu meno. Hatua hizi ndizo tulizofuata pamoja tulipopanga upya maji ya mdogo wake, ambaye sasa ana mwaka mmoja.

Hatua ya 1. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe maji kabisa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto.

Hatua ya 2. Andika kila chanzo cha maji mnachotumia nyumbani: bomba, chemchemi, kisima, mvua, dukani.

Hatua ya 3. Pima floraidi ya kila chanzo peke yake. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro huyapa maji ya huku floraidi nyingi, nayo haina rangi, harufu wala ladha ya kukutahadharisha. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Chujio la udongo huzuia uchafu na vijidudu, lakini floraidi hupita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na anayedhurika zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu meno yake ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajaonekana.

Kosa letu, lililotupotezea wiki nzima, lilikuwa kuchota sampuli kwenye jaba la nyumbani, ambamo maji ya bomba na ya kisima yalikuwa yamechanganyika, kwa hiyo jibu tulilopata halikuwa la bomba wala la kisima. Chota palepale maji yanapotokea, kwa chupa safi ya plastiki wala si ya kioo, uisuuze mara tatu kwa maji hayohayo, kisha uandike juu yake jina la chanzo na tarehe. Usikubali jibu la jirani hata kama kisima chake kiko hatua hamsini kutoka kwako, maana visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana. Pima kiangazi, kisha urudie baada ya masika. Ulizia maabara ya maji ya mkoa, au kituo cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, ambacho kazi yake hasa ni utafiti wa kuondoa floraidi.

Hatua ya 4. Chagua. Chanzo kisichozidi 1.5 kinafaa, uendelee na hatua ya 5. Kikizidi, mimi napendekeza maji ya mvua kuliko njia nyingine yoyote, kwa kuwa karibu hayana floraidi. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 2,400 kwa miezi minne ya kiangazi, hivyo tangi la lita 3,000 linatosha. Kufua na kuoga kuendelee kwa maji ya kawaida. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati. Ikiwa tangi ni dogo na chemchemi yako ina miligramu 3, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, utafika 1.5. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe hufanya kazi vizuri, ila mkaa huo huchoka bila kuonyesha dalili, na asiyepima tena mara kwa mara asilitegemee. Kwa maji ya dukani, soma kiasi cha floraidi kwenye lebo.

Hatua ya 5. Chemsha hadi yatokote kwa dakika moja, kisha uyahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Maji ya mvua nayo yachemshwe.

Hatua ya 6. Angalia magadi. Magadi ya huku huwa na floraidi, nayo humfikia mtoto kwa njia ya chakula hata kama maji yake ni mazuri. Wifi yangu alikuwa akiyatia kila alipopika makande. Siku hizi huloweka mahindi na maharage usiku kucha kwa maji ya mvua, na makande huiva bila magadi.