Kusoma rekodi ya machapisho ya mtafiti wa ubongo: orodha kwanza, namba baadaye

Mtafiti wa sayansi ya ubongo na neva anaomba kazi au ruzuku, nawe umepewa jukumu la kusema kazi yake ina uzito gani. Wengi hufungua Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, wakasoma namba iliyo pembeni ya mara alizonukuliwa, wakafunga. Wewe iache kwanza namba hiyo.

Hatua ya 1: hakikisha ni mtu mmoja

Majina hugongana, hasa jina la kwanza linapofupishwa kuwa herufi moja. Tafuta ORCID yake, namba ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja, yenye tarakimu 16, kisha angalia kama taasisi na mada vinakubaliana nayo. Wasifu wa Google Scholar hukusanywa na mashine. Mwenyewe asipousafisha, utakuta makala za mtaalamu wa mifupa zimechanganyika na za mtaalamu wa kumbukumbu.

Hatua ya 2: kusanya orodha

Anza na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia, kisha jazia kwa hifadhidata za makala na manukuu: Scopus, Web of Science au OpenAlex, ambayo ni ya bure. Hesabu hazitalingana. Google Scholar huhesabu pia tasnifu na rasimu zilizowekwa bioRxiv, tovuti ya rasimu za biolojia, kabla ya kuhakikiwa, kwa hiyo namba zake kwa kawaida ndizo kubwa zaidi. Chagua chanzo kimoja cha hesabu na uandike tarehe uliyoichukua.

Hatua ya 3: tazama nafasi ya jina

Hapa usiwe na haraka. Kwenye lahajedwali weka mwaka, jarida, aina ya makala, nafasi ya jina na idadi ya mara zilizonukuliwa. Katika fani hii, anayetajwa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya majaribio na kuandika sehemu kubwa, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Wa katikati ni fumbo: huenda alikesha kwenye hadubini, huenda alitoa panya tu. Tafiti kubwa za jenetiki za skizofrenia huwa na waandishi mamia, na makala moja ya namna hiyo inaweza kufunika kila kitu kingine alichoandika mtu.

Kwa hiyo mimi huhesabu mara mbili: makala zote, halafu zile tu ambazo yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Pengo kati ya hesabu hizo hunieleza mengi kuliko jumla. Tazama pia ni mwaka gani jina lilianza kuhamia mwisho. Ndipo alipoanza kusimamia maabara yake.

Tenga makala za mapitio na za mbinu. Programu ya kuchanganua picha za fMRI, yaani za ubongo ukiwa kazini, hutajwa na kila anayeitumia, hata asiyejali nadharia za mtunzi wake. Simdharau mtunzi kwa hilo. Chombo kizuri ni mchango, ila ni mchango wa aina nyingine.

Hatua ya 4: kokotoa kipimo cha h

Kipimo hiki ni idadi kubwa zaidi ya makala, h, ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. Kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ziko tano: 50, 18, 6, 4 na 1. Ya nne imefikisha 4, ya tano haikufikisha 5, basi h ni 4. Ile ya kwanza ingenukuliwa mara 5,000, h ingebaki 4 vilevile. Isitoshe, kipimo hiki hakipungui mtu akiacha kutafiti, kwa hiyo linganisha walioanza kuchapisha miaka inayokaribiana, tena wa tawi moja. Anayepiga picha ubongo wa binadamu ana wasomaji wengi kuliko anayechunguza neva za ruba.

Ukitaka kusawazisha matawi, tumia RCR, kipimo kinacholinganisha manukuu ya makala na yale ya makala nyingine za tawi lake, kinachopatikana bure kwenye iCite, tovuti ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. 1.0 ndiyo thamani ya kati ya makala zilizofadhiliwa na NIH. Sifa ya jarida usiigeuze kuwa alama ya mtu.

Hatua ya 5: fungua waliomnukuu

Chukua makala zake tatu zinazoongoza na usome sentensi anamotajwa. Je, matokeo yake yametumika, yamerudiwa, yamepingwa, au ametajwa kwa kupita tu kwenye utangulizi? Makala moja ya mwaka 2006 katika Nature, kuhusu protini ya amiloidi na ugonjwa wa Alzheimer, ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, kisha ikaondolewa mwaka 2024 baada ya kubainika dalili za kuchezewa picha zake. Hesabu haikukuonya lolote. Kila makala kubwa itafute PubMed, ambako zilizoondolewa huwekewa alama, na kwenye hifadhidata ya Retraction Watch.

Scopus hukuruhusu kuondoa kujinukuu. Kiasi fulani ni cha kawaida, kwa kuwa maabara hujenga juu ya kazi zake; lakini kikipindukia, uliza.

Hatua ya 6: andika

Ukurasa mmoja unatosha. Kila namba iwe na chanzo na tarehe. Kama taratibu zinaruhusu, mtumie mwenyewe orodha kabla ya kuwasilisha, maana ndiye atakayeona haraka makala iliyosahaulika au isiyo yake.