Kitabu cha katuni cha thamani kikija tofauti na tangazo

Usimpigie muuzaji simu kwanza. Piga picha za skrini za tangazo lote kabla hajalifuta: maelezo, daraja la ubora alilotaja, picha zake. Kisha kagua kitabu taratibu na upige picha kila kasoro ukiwa umeweka rula pembeni.

Katuni za Marvel za katikati ya miaka ya 1970 zifungue hadi ukurasa wa barua za wasomaji. Incredible Hulk namba 181 ya 1974 ilikuwa na stempu ya kukata (picha ndogo iliyochapwa ukurasani ili msomaji aikate), na ikikosekana thamani hushuka vibaya sana hata kama jalada linang'aa. Geuza pia jalada utazame upande wa ndani kwenye mgongo. Wino uliopenya mpaka huko mara nyingi ni dalili ya rangi iliyopakwa baadaye. CGC, kampuni inayopima ubora wa katuni, huipa katuni ya namna hiyo lebo ya zambarau, yaani imekarabatiwa.

Mwandikie muuzaji kupitia mtandao uleule mliouziana. Taja kasoro moja moja, dai pesa zote pamoja na nauli ya kurudisha, mpe tarehe ya mwisho. Ahadi za "subiri kidogo" zinakula muda wako: soko la mtandaoni eBay linatoa siku 30 za kulalamika tangu mzigo kufika, huduma ya malipo PayPal siku 180 tangu kulipa. Ukishafungua mgogoro PayPal, upandishe kuwa dai rasmi ndani ya siku 20, la sivyo mgogoro huo unafungwa. Waliolipa kwa njia ya PayPal ya "marafiki na familia" hawana kinga hii ya PayPal.

Rudisha kwa usafirishaji wenye namba ya ufuatiliaji tu.