Kabla ya Kushusha Giaboksi: Jinsi ya Kupima Gari Lisilovuta

Gari likianza kustuka na kukosa nguvu, lawama huenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Niliwahi kuletewa gari ambalo hukumu yake ilishatolewa: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Mlimani halikuvuta, na kila likiongezewa mafuta lilitikisika kama vile gia zinagongana. Tatizo lilikuwa koili moja ya plagi. Silinda moja ilikuwa inakosa moto injini ikielemewa, na mtikisiko huo unafanana sana na gia inayoingia vibaya. Tangu siku ile sishushi giaboksi ya mtu kabla ya kupita hatua hizi. Nazungumzia zaidi giaboksi ya otomatiki, ya manyuo nitaigusa kidogo.

Hatua ya 1: Uliza, kisha endesha

Muulize mwenye gari: linasumbua likiwa baridi au likishapata moto? Kwenye gia ipi? Na swali ambalo wengi hulisahau: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na iliwekwa ipi? Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hutumia mkanda wa chuma au mnyororo, na inahitaji oili yake maalumu. Ikiwekewa ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida huanza kuteleza na hatimaye huharibika. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya sevisi, anza kuchunguza hapo.

Hatua ya 2: Isome oili

Simamisha gari mahali tambarare, oili ikiwa ya moto. Magari mengi hupimwa injini ikiunguruma na gia ikiwa P, ila mengine, yakiwemo ya Honda, hupimwa muda mfupi baada ya kuzima injini. Fuata kitabu cha gari lako. Yasiyo na dipstiki hupimwa kwa nati ya pembeni, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji.

Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe ya tishu, usubiri kidogo. ATF nyingi huwa nyekundu zikiwa mpya. Tone likisambaa likiwa jekundu au la hudhurungi kidogo, oili bado ina uhai. Likibaki na kiini cheusi katikati, huo ni unga wa sahani za klachi. Nusa pia: harufu ya kuungua haifichiki. Ukiona rangi ya maziwa yenye uwaridi, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Hapo usiendelee kuliendesha, kwa sababu maji hubandua gundi inayoshika vitambaa vya klachi.

Oili pungufu peke yake inaweza kuleta dalili zote za giaboksi mbovu. Ijaze, tafuta inapovuja, kisha upime upya.

Hatua ya 3: Soma kodi

Kodi ni namba za hitilafu zinazosomwa kwa skana kwenye kompyuta ya gari. P0700 haisemi giaboksi imekufa. Maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi ina taarifa, nenda kaisome huko. P0715 ni sensa ya mzunguko wa shafti ya kuingilia, P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi, P0740 ni klachi ya kufunga konveta (kiungo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi), P0750 ni solenoidi (vali ya umeme) ya kubadilishia gia. Angalia pia kodi za injini. Ukiona P0300 hadi P0304, za silinda kukosa moto, shughulikia plagi na koili kwanza.

Hatua ya 4: Pima kuchelewa kwa gia

Oili ikiwa ya moto, vuta hendibreki, kanyaga breki, toa N uweke D huku saa ya simu ikihesabu mpaka usikie gari limeshika. Kwenye magari mengi ya Toyota kipimo ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya 1.5 kwa R. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara. Ikichelewa, presha ya oili ni ndogo au klachi zimelika. Ikiingia kwa wakati lakini kwa kishindo, kagua raba zinazoshika injini kabla ya kitu kingine.

Kwa manyuo, weka gia ya 4, vuta hendibreki, uachie klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Isipozimika, klachi inateleza.

Hatua ya 5: Hesabu barabarani

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Chukua mfano wa tairi la 195/65 R15, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 1.99. Uwiano wa difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) ni 4.1 na uko kwenye gia yenye uwiano wa 1.00. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gawa kwa 4.1, zidisha kwa 1.99, kisha kwa 60: unapata mita kama 87,000, yaani takriban kilomita 87 kwa saa. Linganisha na kasi ya GPS, maana spidomita nyingi huzidisha. Tofauti ya asilimia 3 usiijali, tairi hubonyea na huchakaa. Ukikuta 76, nguvu inapotelea njiani.

Fanya kipimo hiki konveta ikiwa imefunga, yaani injini na giaboksi zinazunguka pamoja bila kuteleza. Ukiwa kwenye mwendo wa kutulia, gusa breki kidogo bila kuachia mafuta: mizunguko ikipanda ghafla, ilikuwa imefunga.

Hatua ya 6: Linganisha na gari jingine la aina hiyo

Tumia barabara iliyonyooka isiyo na watu, dereva yuleyule, mzigo uleule, upepo wa tairi sawa. Pima muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, uchukue wastani. Usilinganishe na namba iliyopimwa usawa wa bahari kama uko juu: injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000.

Gari likiwa zito na mizunguko imezidi hesabu, giaboksi inateleza. Likiwa zito lakini mizunguko na kasi vinakubaliana, giaboksi inapitisha kila inachopewa. Tafuta kwenye injini, presha ya mafuta, katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba, au breki zinazokokota. Gari la koili lilikuwa kundi hili.

Hatua ya 7: Fungua sampo

Namba zikielekeza kwenye giaboksi, shusha sampo (trei ya oili iliyo chini ya giaboksi) kwanza. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, lifute. Ukikuta vipande vinavyokwaruza ukucha, au magamba meusi ya vitambaa vya klachi, sasa tayarisha jeki ya kushushia giaboksi.