Jinsi ya kuikata karatasi mpaka isikatike tena

Chukua karatasi ya A4, mkasi, kalamu na penseli. Kata ukanda mwembamba wenye urefu wote wa karatasi, sentimita 29.7. Ukate katikati, nusu moja weka kando, nusu ya pili ikate tena katikati, na kuendelea. Kila ukikata andika mambo mawili: umekata mara ya ngapi, na ulichobakiwa nacho kinaitwaje. Jina usiliruke. Mimi mara ya kwanza nilihesabu tu, nikaishia na namba na vumbi la karatasi mezani.

Mara ya 8 mkasi utashindwa, kwani kipande kina milimita moja na ushee. Kwa wembe na miwani ya kusomea nilijikokota hadi ya 10, nikajikata kidole. Kuanzia hapo weka wembe chini, shika kikokotoo, uwe unagawa kwa mbili.

Mara ya 14 unabaki na takriban milimita 0.018, karibu na unene wa uzi mmoja wa mti. Futa neno "karatasi", andika "uzi", maana karatasi ni nyuzi nyingi zilizoshikana. Uzi mmoja si karatasi. Mara ya 29 umefika kwenye glukosi moja ya mnyororo wa selulosi, kitu kinachojenga uzi huo. Mara ya 31, atomu.

Hapa Demokrito, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angekuambia utulie: kwa Kigiriki "atomos" ni kisichokatika. Aristotle, mwanafalsafa mwenzake wa Kigiriki, angekuambia uendelee, hakuna urefu usio na nusu. Wanazuoni wa "kalam", yaani teolojia ya Kiislamu, nao waligombania suala hilo kwa jina la "juzuu isiyogawanyika". Mmoja wao, Al-Nazzam, aliikataa katakata. Wote walibishana bila mizani. Mkemia Mwingereza John Dalton, mwaka 1808, alikuja na uzito: elementi huungana kwa viwango maalumu, kana kwamba zinahesabiwa moja moja. Kwa mkemia hoja hiyo inatosha mpaka leo, kwa sababu ukiipasua atomu ya kaboni, kaboni huna tena.

Wewe endelea. Mara kama 14 zinazofuata utaandika "elektroni" tu, yaani chembe ndogo zilizo nje ya kiini cha atomu, na nafasi tupu. Mwanafizikia J. J. Thomson aliigundua elektroni mwaka 1897. Karibu na mara ya 46 unafika kwenye kiini cha atomu, alichokionyesha mwanafizikia Rutherford mwaka 1911. Kiini nacho hupasuka: wakemia Hahn na Strassmann walikipasua cha urani huko Berlin mwaka 1938.

Ndani ya protoni, moja ya chembe zinazounda kiini, ndipo mchezo unapogeuka. Mna chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki, lakini ukiivuta moja itoke, nishati unayotumia inazaa kwaki nyingine. Ni kama kuvunja kijiti ili upate ncha moja peke yake: unapata vijiti viwili, kila kimoja na ncha mbili.

Sasa rudi kwenye orodha, piga mstari kila jina lilipobadilika. Kila mstari ni kizio kisichogawanyika cha kitu fulani. Cha karatasi si cha kaboni. Mstari wa elektroni upige kwa penseli, uweze kufutika. Hakuna jaribio lililoikuta na sehemu ndani yake, wala na ukubwa unaopimika. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alishaandika mwaka 1714 kwamba kizio halisi, alichokiita monadi, hakina urefu wala umbo, ingawa yeye alikuwa akizungumzia kitu kilicho karibu zaidi na roho.