Geji Mbili, Mpira Mmoja: Kutafuta Presha Inayopotelea Njiani

Mashine ya kukamua mawese, Mwandiga. Oili ya haidroliki inachemka, injini inaguna hata jeki ikishuka bila mzigo. Nikamwambia mama mwenye mashine anunue pampu mpya. Akanunua. Hali ile ile. Aibu hiyo ndiyo imeniandikisha mwongozo huu.

Pampu inasukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapozuiwa: na chikichi zilizojaa kwenye ngoma, au na njia yenyewe, yaani mpira unaopeleka oili kutoka pampu hadi jeki. Ile inayoliwa na njia haikamui kitu, inageuka joto.

1. Zima, shusha presha yote, ndipo ufungue nati.

2. Funga geji mbili za kupima presha, moja kwenye pampu, nyingine kwenye mdomo wa silinda ya jeki, oili inapoingilia. Geji moja ni ramli. Mimi natumia zilizojazwa gliserini. Zile kavu, sindano inacheza mpaka usome unachotaka kusoma.

3. Endesha dakika kumi. Oili baridi ni nzito, itakudanganya.

4. Soma geji zote mbili JEKI IKIWA INATEMBEA. Hapa ndipo nilipoteza siku nzima. Nilipima jeki ikiwa imekwama kwenye mzigo, zote zikasoma bar 150 (bar ni kipimo cha presha), nikatangaza mpira ni mzima. Kumbe jeki ikisimama, hakuna oili inayopita kwenye mpira; yote inarudi tangini kupitia vali ya kuachia presha. Pasipo mwendo, upinzani wa njia hauonekani, hata tundu likibaki kama la sindano. Siku ya pili nikasoma ikitembea tupu: pampu bar 60, silinda bar 8. Hizo 52 zimeliwa njiani. Mpaka hapo usiguse skrubu ya vali. Kuikaza kunaficha ugonjwa na kunaweza kupasua mpira. Na ukitafuta uvujaji, pitisha kipande cha boksi, si kiganja. Oili ya presha inatoboa ngozi, na hapo ni hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo.

5. Kata mpira uangalie. Wetu nje uling'aa, ndani ngozi imebanduka. Weka wenye kipenyo kile kile, usikubali mwembamba kwa sababu ya bei: kipenyo kikipungua nusu, oili ile ile ikipita kwa utulivu, presha inayopotea ni mara 16.

Tulipobadilisha, tofauti ikabaki bar 4. Pampu ya zamani nikairudisha kwa mkono wangu, bila kudai ufundi. Ile mpya bado iko stoo kwa mama.